Pole si kukiri kosa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wahudumu wa afya wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Ludewa na Makete hadi Chunya na Momba. Ndugu wa wagonjwa nao wasome, maana yanawahusu.

Kila mama anapofariki akijifungua, au mtoto anapotoka kuchomwa sindano akaanza kuburuta mguu, neno la kwanza kusikika ni "uzembe". Ndugu wanalisema msibani, viongozi wanalisema mbele ya kamera, na baada ya siku mbili polisi wanaliandika. Mhudumu naye hujitetea kwa neno hilohilo: "Mimi si mzembe, nilikuwa zamu tangu jana usiku, sijatia kitu tumboni." Utetezi huo haumfikishi mbali. Katika Kiswahili cha nyumbani mzembe ni mtu goigoi, asiyejali. Mahakama haipimi bidii. Inauliza kama alichofanya kilishuka chini ya kiwango ambacho mtu wa taaluma ile na ngazi ile, mwenye uangalifu wa kawaida, angekifikia katika mazingira yale. Muuguzi mchapakazi aliyekesha na wodi nzima anaweza kukutwa na uzembe wa dakika kumi tu, na mvivu wa kudumu akatoka salama kwa kuwa uvivu wake haukumdhuru mtu.

Hatuna sheria moja mahsusi ya uzembe wa kitabibu. Msingi wa madai haya tuliurithi kutoka sheria ya kawaida ya Uingereza, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, siku ambayo sheria zetu huitaja hadi leo. Mdai anatakiwa kuthibitisha mambo manne: kwamba mhudumu alikuwa na wajibu kwake, kwamba wajibu huo ulikiukwa, kwamba ukiukwaji huo ndio uliosababisha madhara, na kwamba madhara yenyewe yapo. Wajibu hauna ubishi. Ukishampokea mgonjwa, umeubeba. Kesi nyingi hukwama kwenye jambo la tatu. Mama akifikishwa kituoni mfuko wa uzazi umeshapasuka tangu kijijini, kuchelewa kwako nusu saa kumwita daktari ni kosa, lakini mdai bado ana kazi ya kuonyesha kwamba nusu saa hiyo ndiyo iliyomuua mtoto na si saa sita za njiani.

Kuhusu kiwango, mawakili wa pande zote hupenda kutaja hukumu mbili za Uingereza, ya Bolam ya mwaka 1957 na ya Bolitho ya mwaka 1997. Hazizifungi mahakama zetu lakini husikilizwa. Ya kwanza ilisema daktari si mzembe kama alifuata utaratibu unaokubaliwa na kundi la wataalamu wanaoaminika. Ya pili ikaongeza kwamba utaratibu huo wenyewe lazima uwe na mantiki. Kwa hiyo ile kauli tuliyoizoea, "hapa kwetu ndivyo tunavyofanya", peke yake haimuokoi mtu. Wakili wa mdai ataanza kwa kufungua Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na kuuliza ni wapi palipoandikwa hivyo.

Tukio moja linaweza kufungua milango minne kwa mpigo. Mlango wa kwanza ni madai ya fidia, ambako inatosha mizani ielemee kidogo upande wa mdai. Wa pili ni jinai: Kanuni ya Adhabu ina kosa la kutoa dawa au tiba kwa uzembe, na mgonjwa akifa shitaka linaweza kuwa kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake yafika kifungo cha maisha, ingawa lina dhamana. Huku ushahidi lazima usiache shaka ya maana. Mlango wa tatu ni baraza la taaluma. Daktari na tabibu wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika kwa sheria ya mwaka 2017, muuguzi na mkunga chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa sheria ya mwaka 2010, na wafamasia na wataalamu wa maabara wana mabaraza yao. Baraza linaweza kuonya, kusimamisha au kufuta jina kwenye rejista. Wa nne ni mwajiri na nidhamu ya kazi. Kushinda mlango mmoja hakuufungi mwingine. Wapo wanaoachiwa na mahakama wakasherehekea, halafu wito wa baraza ukawakuta hawana hata nakala ya maelezo waliyoandika polisi.

Sasa muda, kwa sababu hapa wengi hujidanganya. Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Kwa mtoto, miaka hiyo haianzi kuhesabiwa hadi atimize 18. Mtoto aliyechoka, yaani aliyekosa hewa ya kutosha, wakati wa kuzaliwa leo Vwawa au Mafinga, akaishia na mtindio wa ubongo, anaweza kudai mpaka anapofikia miaka 21. Mkunga atakuwa amestaafu, mganga mfawidhi amehamishwa mara tano, na kitakachobaki kusema ni faili. Hospitali inayochoma majalada ya wodi ya wazazi kwa sababu chumba cha kumbukumbu kimejaa inajinyonga yenyewe.

Anayetaka kuishitaki hospitali ya serikali, pamoja na ya halmashauri tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, kisha aende Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Siku hizo 90 ni zawadi kwa upande wa hospitali, na mara nyingi hupotea bure: notisi inapokelewa masijala, inagongwa mhuri, inakaa kwenye trei. Ikifika, siku hiyohiyo faili la mgonjwa linakiliwa lote, la asili linafungiwa kabatini, na notisi inakwenda kwa mwanasheria wa halmashauri. Hospitali binafsi au ya dini haina kinga hiyo. Ikishapokea hati ya madai ina siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi, na ikinyamaza kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja.

Turudi kwenye faili, maana hapo ndipo penye uzito wote. Chukua chati ya uchungu, partografu. Mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4 chati inaanza. Mapigo ya moyo wa mtoto yanaandikwa kila dakika 30, na njia ya uzazi inapimwa kila saa 4. Mstari wa hatua, yaani wa kuamua cha kufanya, uko saa 4 kulia kwa mstari wa tahadhari, na ukiuvuka bila uamuzi wowote kuandikwa, tayari umempa mdai nusu ya kesi. Kibaya kuliko chati tupu ni chati iliyojazwa mama akishajifungua. Inajulikana tu: kalamu ni moja kwa saa nane, mwandiko haujachoka, na moyo wa mtoto ni 140, 140, 140 mpaka dakika anayotoka hapumui. Hakuna hakimu atakayeamini chochote kingine ulichoandika baada ya kuiona hiyo.

Au chukua magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza unaangalia mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti lirushe mguu ukiligonga, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kalisiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kuizimua, iwe jirani. Wauguzi wengi huviangalia kweli, halafu wanaandika "MgSO4 imetolewa" na sahihi. Mama akiacha kupumua, mtu wa nje ataamini kwamba hujaangalia kitu. Mstari mmoja wenye tarakimu tatu na saa ungetosha.

Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, weka sahihi, tarehe na saa. Wino mweupe wa kufutia usiingie wodini kabisa. Ukikumbuka jambo baadaye, liandike chini ya maandishi ya mwisho, ukianza na maneno "nyongeza ya baadaye" na saa halisi unayoandika, usilichomeke pembeni kana kwamba lilikuwepo. Dawa ya nusu miligramu iandikwe 0.5, kamwe isiwe .5, na tano iandikwe 5 bila nukta wala sifuri, kwa sababu nukta ikififia mtoto anapewa mara kumi. Agizo la simu liandikwe, lisomwe tena kwa aliyelitoa, jina lake liwekwe, naye asaini akifika. Walio kwenye GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa hospitali za serikali, wajue kwamba kompyuta inakumbuka nani aliingia na saa ngapi. Nywila ya daktari inayotumiwa na wodi nzima ni ushahidi dhidi yake, kwani kila kilichoingizwa kwa jina lake ni chake.

Utambulisho wa mgonjwa nao tuutaje. Mwaka 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Huku kwetu hatari hiyo ni kubwa zaidi: wodi moja ya Tukuyu inaweza kuwa na akina Tumaini watatu, na nusu ya majina ya ukoo yakaanza na Mwa-. Uliza majina matatu, linganisha na namba ya faili, na mwache mgonjwa ajitaje mwenyewe. Ukimuuliza "wewe ni Tumaini?", mzee asiyesikia vizuri ataitika tu kwa heshima. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 inataka kusimama mara tatu, kabla ya nusu kaputi, kabla ya kisu, na kabla ya kutoka chumbani. Pamba ikisahauliwa tumboni mdai hahitaji shahidi mtaalamu wa kueleza. Jambo lenyewe linajisema.

Sindano ya takoni kwa mtoto mchanga ni chanzo kingine cha kesi, kwa sababu nyama ni kidogo na mshipa mkubwa wa fahamu uko karibu. Paja, upande wa nje katikati, ni salama zaidi. Na P.O.P., plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, iliyobana: mgonjwa aliyevunjika mkono kwenye bodaboda anarudi usiku akilia, anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa avumilie. Maumivu yanayozidi kipimo, hasa vidole vikinyooshwa na mtu mwingine, maana yake ni kuipasua P.O.P. yote, pamoja na pamba, hadi kwenye ngozi, saa hiyohiyo. Baada ya takribani saa 6 misuli inaanza kufa. Ukimruhusu mgonjwa kwenda nyumbani bila kumweleza hayo, na bila kuandika kwamba umemweleza, kosa ni lako hata kama mfupa uliupanga vizuri.

Ridhaa tunaichukulia kama karatasi, nayo ni mazungumzo. Mgonjwa aambiwe atafanyiwa nini, kwa faida gani, kwa hatari zipi, kuna njia gani nyingine, na asipofanyiwa itakuwaje. Bibi wa Kisafwa au wa Kikinga asiyejua Kiswahili vizuri hajaridhia kwa kutikisa kichwa. Tafuta mkalimani, na jina la mkalimani liandikwe kwenye fomu. Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu ya upasuaji. Na liko hili la kumsubiri mume. Mwanamke aliyetimiza miaka 18, mwenye akili timamu, anajisainia mwenyewe. Kumwacha mama na mtoto aliyechoka kwa saa mbili ili mume afike kutoka shambani Usangu hakumlindi mhudumu, kunamtia hatiani. Aliyepoteza fahamu na hana ndugu jirani hutibiwa kwa dharura, na wahudumu wawili wanaandika sababu na kusaini. Majeruhi anayetoka damu naye anahudumiwa kwanza, PF3, fomu ya polisi, itamkuta kitandani.

Rufaa ina mtego wake. Kutoka Matamba au Bulongwa wakati wa masika, gari halikimbii. Kosa ambalo mhudumu hulaumiwa kwalo si ubovu wa barabara bali saa aliyoamua. Andika saa ya uamuzi, saa uliyopiga 115 ya m-mama (usafiri wa dharura wa wazazi), saa gari lilipofika, hali ya mgonjwa alipoondoka, dawa alizopewa, na jina la aliyepokea simu upande wa pili. Kama damu haipo au oksijeni imeisha, iandikwe kwenye faili na kwenye daftari la ripoti, na taarifa ya maandishi iende kwa mfawidhi. Upungufu ulioripotiwa ni mzigo wa mwajiri. Ule unaojulikana na kila mtu lakini haujaandikwa popote unabaki kichwani kwako.

Jambo likishaharibika, saa 24 za kwanza ndizo zenye hatari. Mgonjwa kwanza, kama yu hai. Kisha usitupe kitu: chupa ya dawa, kanula, mpira wa dripu na boksi lenye namba ya bechi viwekwe kwenye mfuko uliofungwa na kusainiwa. Mashine iliyoleta shaka itengwe, isizimwe na kuwekwa upya mipangilio. Mfawidhi ajulishwe, na kila aliyekuwepo aandike maelezo yake peke yake, aliyoyaona na kuyafanya, bila "nadhani" wala kumtupia mwenzake. Wakikaa pamoja "kulinganisha", maelezo yanatoka yanafanana kama sare za shule, na hilo huwaumiza wote.

Kuzungumza na ndugu ndiko tunakokimbia, na ndiko kunakozaa kesi nyingi. Wahudumu wanaogopa kwamba kusema pole ni kukiri. Kiingereza kinaweza kumchanganya mtu hapo, kwa kuwa kina neno moja kwa mambo mawili, ila Kiswahili kimetutenganishia. Pole ni ya huzuni, samahani ni ya kosa. Sema pole. Eleza yaliyotokea kama yanavyojulikana kwa saa hiyo, sema yapi yanachunguzwa na majibu yatatoka lini, awepo daktari mwandamizi na muuguzi, na mazungumzo yaandikwe. Usibashiri chanzo kabla ya uchunguzi. Ndugu walioachwa kwenye korido hadi jioni bila mtu wa kuwaambia lolote ndio wanaokwenda polisi, na kwa kweli tunawaelewa.

Polisi wakija, faili la asili halitoki bila hati na sahihi ya makabidhiano, na nakala kamili inabaki. Ukishikiliwa kwa mahojiano, muda wa msingi kisheria ni saa 4. Unalazimika kutaja jina na anwani. Mengine una haki ya kuyajibu mbele ya wakili. Soma maelezo kabla ya kusaini kila ukurasa. Na usiweke lolote kwenye grupu la WhatsApp, hata kwa kumtetea mwenzako. Picha ya mgonjwa au ya chati yake ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kumfuta jina hakutoshi kama kijiji kizima kinajua ni nani aliyelazwa.

Nani analipa? Kwa kazi uliyoifanya ukiwa zamu na ndani ya ngazi yako, mwajiri hubeba dhima pamoja nawe. Lakini kibarua cha jioni kwenye kliniki ya Mwanjelwa si zamu ya serikali. Sindano kwenye duka la dawa muhimu hairuhusiwi kabisa, na mhudumu msaidizi anayeshona kidonda kwa sababu "daktari kasema" ametoka nje ya ngazi yake yeye na daktari wake. Leseni iliyoisha muda Januari na tukio likatokea Februari ni kesi ya pili juu ya ya kwanza. Ukikata bima ya dhima ya kitaaluma, uliza swali moja kabla ya bei: inalipa kwa tukio lililotokea wakati wa bima, au kwa dai lililoletwa wakati wa bima? Ya aina ya pili ukiiacha leo, dai la keshokutwa kuhusu kazi ya jana halilipwi, isipokuwa umenunua nyongeza ya muda. Kwa wakunga, tukikumbuka ile miaka 21, tofauti hiyo si ndogo. Bima zote mbili zinakutaka uitaarifu kampuni mapema na usimwahidi mtu fidia bila idhini yake.

Tunawaomba waganga wakuu wa wilaya wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe waitenge saa moja katika kikao cha kila mwezi, wamwite mwanasheria wa halmashauri, na waweke mezani mafaili matano ya mwezi uliopita yaliyofunikwa majina, wayasome kama wakili wa mdai angeyasoma. TUGHE (chama cha wafanyakazi wa serikali na afya), TANNA (chama cha wauguzi) na Chama cha Madaktari wanaweza kusaidia kumpata wa kuongoza. Chumba kipo, mafaili yapo, na chai huwa inanywewa hata hivyo.

Ni sisi wasomaji wako,
Uyole, Mbeya